Akirudi Nyumbani, Usimwache Ajieleze

Rasimu ya kwanza ya skripti ya filamu yangu ilikuwa na kurasa 31, na katika nne kati ya hizo alikuwa anaongea mtu mmoja tu, mwigizaji wa zamani aliyerudi kwao. Ni usiku. Amekaa kwenye kitanda alicholalia akiwa msichana, mdogo wake amesimama mlangoni, naye anaeleza: kwa nini aliacha kuigiza, kwa nini aliondoka nchini, huko ughaibuni aliishije, na kimemrudisha nini. Niliziandika kurasa hizo huku nalia, siwafichi. Nikajiona nimefika.

Nikampelekea mama mmoja aliyewahi kuigiza jukwaani na kwenye runinga, akaishi nje miaka mingi kabla ya kurejea. Sitamtaja, hapendi. Alikaa na skripti wiki nzima, kisha akanirudishia ikiwa na mstari mmoja wa kalamu, umeshuka kutoka juu hadi chini katika kurasa zile nne. Nilipomuuliza kulikoni, akasema: "Mwanangu, tangu nirudi hakuna aliyenikalisha kitako akaniuliza. Na angeniuliza, ningemdanganya."

Haya ninayoyaandika ni kwa yeyote anayetaka kuandika au kuongoza filamu ya namna hiyo: mwigizaji wa zamani anarudi kwao, hakuna anayepigwa risasi, hakuna anayenyang'anywa mume, na bado unataka watu wasiinuke kwenye viti. Nimetengeneza moja tu, ya dakika 22. Nisikilizeni kama mnavyomsikiliza mtu aliyejikwaa jana akawaonyesha jiwe lilipo.

Hadithi ya mtu anayerudi ina mtego wake. Kuna miaka mingi ambayo mtazamaji hakuiona, na mwandishi anajihisi ana deni. Anaanza kulilipa mapema: kwenye gari la kutoka uwanja wa ndege dereva anauliza maswali mengi kuliko polisi, jirani anakumbusha yaliyotokea ("unakumbuka ulivyoondoka bila kuaga?"), picha za ukutani zinasogezwa karibu na kamera mojamoja. Yote hayo nilikuwa nayo. Nilikuwa hata na sini ya kurudi nyuma, yaani onyesho la miaka ya zamani: msichana jukwaani, taa za rangi. Niliipenda sana sini ile, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuondoka, kwa sababu ilimwonyesha mtazamaji kitu ambacho alipaswa kukitafuta usoni kwa mwanamke wa miaka 58.

Deni hilo usililipe. Anayedai ndiye anayebaki kukusubiri.

Watazame walioacha kweli. Greta Garbo, nyota wa Hollywood, alicheza filamu yake ya mwisho mwaka 1941, akiwa na miaka 36, akaishi mpaka 1990. Karibu nusu karne ya wapiga picha kumvizia barabarani New York. Mwigizaji Setsuko Hara wa Japani, aliyependwa na taifa zima, alipoacha mapema miaka ya 1960 alitoa sababu waziwazi: kazi hiyo hakuwa akiifurahia, aliifanya ili kuitunza familia. Maneno machache, yanaeleweka. Watu wakayakataa. Wakamtungia sababu nyingine, tena za mapenzi, na alipofariki mwaka 2015 akiwa na miaka 95 bado alikuwa anaandikwa kama fumbo. Ukimpa mtu sababu ya kweli mara nyingi anaiona ndogo, haitoshi kubeba miaka aliyoisubiri. Sasa fikiria unaiweka sababu hiyo katikati ya filamu yako, kwa kurasa nne, halafu zimebaki dakika kumi. Utazijaza na nini?

Lakini wewe mwandishi lazima uijue. Hapo sina mzaha. Kuna filamu za maneno machache ambazo ukizitazama unagundua kwamba hata aliyeziandika hakuwa na habari, alitegemea wingu la nje na dirisha lenye matone ya mvua limsaidie. Mimi sababu ya mhusika wangu niliiandika kwenye kikaratasi, mstari mmoja na nusu, nikamwonyesha mwigizaji wa dada mkubwa peke yake. Aliyecheza mdogo mtu sikumwonyesha. Aliniomba, akanikasirikia siku mbili, nikakataa. Ukitazama filamu sasa, kuna namna anavyomwangalia dada yake mgongoni kila anapogeuka ambayo nisingeweza kumfundisha. Anatafuta kweli. Hili kama utachukua moja tu kwangu, lichukue hili: siri ya mhusika iwe siri hata kwenye mazoezi.

Nilipofuta maneno hayo yote, nikapata shimo, na shimo hilo lilijazwa na kitu ambacho sikukipanga.

Mhusika wangu anaitwa Zuhura. Zamani aliigiza mchezo wa runinga uliopendwa, humo akiitwa Kisura. Aliyewahi kuonekana kwenye kioo anajua jina la mhusika linavyomla mtu: unaweza ukafiwa, watu wakaja kukupa pole kwa jina la mchezo. Basi majirani wote katika skripti yangu wanamwita Kisura. Mdogo wake anamwita dada. Mtoto wa mdogo wake anamwita mama mkubwa. Siku tunasoma skripti pamoja mezani, mtu wa sauti, ambaye hakuwa na zamu ya kusoma na alikuwa anasikiliza tu, akauliza: "Huyu mama jina lake nani?"

Tukacheka, kisha tukapekua. Dakika 22 nzima hakuna anayemwita Zuhura. Mimi sikuwa nimeona, na nadhani waandishi wengi wameshaangukia hapo: kwenye skripti jina la mhusika linakaa juu ya kila anachosema, unalisoma mara mia mbili, unadhani mtazamaji naye amelisikia. Hajalisikia hata mara moja. Soma skripti yako kwa sauti bila hayo majina, uone kinachobaki.

Mimi kwa haraka zangu nikaenda kurekebisha. Nikamwandikia mdogo mtu amwite dada yake "Zuhura" pale wanapogombana kidogo. Mwigizaji akaiweka skripti chini. "Mimi? Dada yangu mkubwa nimwite jina kavukavu? Hata nikigombana naye?" Alikuwa sahihi, nami niliona haya. Nikaacha lile pengo lilivyo, nikaanza kulitazama kwa jicho lingine. Mwanamke amerudi kwao na hakuna aliyebaki wa kumwita jina lake. Wazazi wamekufa, wakubwa wake wamekufa, waliobaki ni wadogo, na wadogo hawaiti majina ya wakubwa. Huko alikotoka wageni walimwita kwa jina hilo kila siku, wakilikosea. Kilio kizima cha kurasa nne kiliingia kwenye hesabu hiyo ndogo, na hakuna aliyehitaji kukisema.

Kutoka hapo ikaja sini ambayo watu huniuliza zaidi. Sanduku bado lina kile kibandiko cha ndege kwenye mpini wake, siku ya tatu sasa. Mtoto amekaa sakafuni na mkasi:

MTOTO: (anasoma kwa silabi) Zu-hu-ra. Mama, Zuhura ndiyo nani?
MDOGO MTU: Muulize mama mkubwa.
ZUHURA: (hainui macho) Lete hapa tukikate.

Basi. Nilikuwa na mistari mingine mitano baada ya huo, nikaitoa siku ya kupiga picha, mbele ya watu wote, kwa sababu mtoto alipoleta kibandiko Zuhura alikipokea akakisoma kidogo kabla ya kukikata, kama anayesoma barua iliyopotea njia. Sikumwelekeza.

Baadaye nilikuja kujua kwamba mwongozaji wa Korea Kusini, Lee Chang-dong, aliwahi kufanya jambo la jirani na hilo, kwa akili zaidi yangu. Alimwandikia nafasi kuu katika filamu yake ya mwaka 2010 mwigizaji Yun Jung-hee, aliyekuwa akiishi Paris na hakuwa ameonekana kwenye filamu tangu katikati ya miaka ya 1990. Yun Jung-hee ni jina la kazi. Jina alilopewa na wazazi ni Mi-ja, na mhusika aliyeandikiwa anaitwa Mija: mwanamke mzee anayeanza kusahau majina ya vitu. Nilipolisoma hilo niliona wivu mpaka nikafunga kompyuta.

Tuje kwenye mikono, maana hapa ndipo nilipopoteza siku mbili za kazi.

Watu husema filamu ya namna hii inabebwa na uso. Mpe mwigizaji mzuri shoti ya karibu, yaani picha inayojaa uso wake, mwache, atakuletea. Nikaamini. Siku ya kwanza tulipiga shoti saba za Zuhura akitazama: anatazama ukuta, anatazama ua, anatazama kitanda. Jioni tulipozirudia, zote zilikuwa za mtu aliyeambiwa atazame. Mhariri wangu, mtu wa maneno machache na mengi ya hayo ni makali, akanikumbusha lile jaribio la mwongozaji Lev Kuleshov wa Urusi mwanzoni mwa karne iliyopita: uso uleule wa mwigizaji Mozzhukhin, usiobadilika, akauunganisha na sahani ya supu, watu wakaona njaa; na maiti ya mtoto jenezani, wakaona huzuni. Tunalinukuu tukisifia uso. Mhariri akasema tunalisoma kinyume, kwamba kazi yote ilifanywa na supu na jeneza. "Wewe umeniletea uso," akasema, "supu iko wapi?"

Siku ya tatu nikaja na pazia. Mdogo mtu anashona upindo wa pazia la sebuleni, kwa mkono, na linatakiwa liwe limeisha Jumamosi kwa sababu Jumamosi wanakuja watu kumwona Kisura. Ghafla kila sini ikawa na mahali pa kwenda. Dada mkubwa anashika upande mmoja wa kitambaa. Wanakaa karibu bila kulazimika kutazamana, na watu wasiotazamana husema mambo ambayo wanaotazamana hawathubutu. Kila jioni pazia limepungua kazi kidogo, mtazamaji anahesabu siku bila kuambiwa.

Ushauri wangu kwenye hili ni wa kifundi kabisa: kazi ya mikono iwe ya kweli, iwe na mwisho, na mwigizaji awe anaiweza. Bahati yangu, waigizaji wangu wote wawili walikuwa wanajua kushona. Mkono unaojua kushona hauhitaji kutazamwa na mwenye mkono, kwa hiyo macho yanabaki huru kufanya yanayotaka. Mkono usiojua unamla mwigizaji mzima.

Sasa jambo gumu, na hapa nitakaa. Huyu si mwanamke yeyote aliyerudi, ni mwigizaji. Ana namna mbili za kuwa mbele ya watu, na ukimwandika awe mpole na mnyamavu tangu mwanzo hadi mwisho umeifuta kazi yake ya maisha. Nilijifunza hilo kwa kisa cha Ingrid Bergman. Mswidi huyu aliondoka kwao mwaka 1939 kwenda Hollywood, akawa nyota wa dunia. Karibu miaka arobaini baadaye akacheza filamu kwa Kiswidi chini ya mwongozaji Ingmar Bergman, ambaye walifanana jina tu, hawakuwa ndugu. Ilipigwa Norway na kutoka mwaka 1978, naye aliigiza mpiga piano mashuhuri anayemtembelea binti yake baada ya miaka saba. Ingmar alisimulia baadaye kwamba Ingrid alifika kwenye mazoezi akiwa ameshaifanyia kazi nafasi yake yote mbele ya kioo, sauti zimepangwa, ishara za mikono zimepangwa, za mtindo wa zamani. Wakagombana. Mwongozaji alitaka vyote hivyo vivuliwe.

Sijui kama mnaona ninachokiona. Filamu ile ina nguvu kwa sababu mazoea yale hayakuvuliwa yote. Yamebaki kidogo kwenye mwili wa yule mama anayeigiza, na mhusika mwenyewe ni mtu aliyezoea kutazamwa. Kwa hiyo usimvue mwigizaji wako wa zamani kila kitu. Mpe mara moja aigize, aigize hasa, na watu waone tofauti.

Kwangu ilikuwa Jumamosi. Wageni wanaomba aseme ule msemo wa Kisura uliompa jina. Anakataa kwa adabu, wanambembeleza, anakubali. Mwigizaji wangu alisimama, akavuta pumzi, mabega yakashuka, akawa mwanamke mwingine mwenye miaka thelathini pungufu. Mpiga picha alisahau kusogeza kamera. Wageni wanapiga makofi, na nyuma yao mdogo mtu yuko mlangoni na pini tatu mdomoni. Hakuna anayeongea. Mtazamaji sasa anaona kitu kibaya kidogo: kwamba siku tano zilizopita, yale matabasamu, ule upole wa kukunja nguo, huenda nao ulikuwa wa kuigiza. Huo ndio wakati pekee kwenye filamu yangu ambao ningediriki kuuita kilele, na umekaa dakika ya 16.

Msiniletee hapa methali ya kimya kingi na mshindo wake. Mshindo haukuja. Niliwahi kuuandika, sahani ikavunjika na kila kitu, nikaona aibu.

Sauti. Tulirekodi vizuri maneno, tukasahau kurekodi chumba kikiwa kitupu. Kila chumba kina mvumo wake hata wakati hakuna anayepumua, na kwenye filamu yenye maneno machache mvumo huo ndio unaosikika muda wote. Ukikata kati ya shoti mbili bila kuwa na kipande chake cha kuunganishia, sikio linasikia shimo hata kama jicho halikuona chochote. Rekodi nusu dakika hadi dakika moja kila mahali unapopigia picha, watu wote wamesimama bila kusogea, kabla taa hazijabebwa. Sisi tulilazimika kurudi kwenye nyumba ile wiki mbili baadaye, kuomba tena funguo, kwa ajili ya sekunde arobaini za kutokuwa na kitu. Na friji izimwe. Mtu wa sauti alinifundisha kuweka funguo za gari ndani ya friji unapoizima: huwezi kuondoka bila funguo, kwa hiyo huwezi kusahau kuiwasha.

Muziki sikuweka. Nina mawazo makali kuhusu piano za polepole, nitayaacha.

Kuhusu urefu, ile kanuni ya ukurasa mmoja kwa dakika moja isikudanganye. Inategemea maneno. Ukurasa wangu wenye mistari minne, "Zuhura anajaribu kutunga uzi kwenye sindano", ulikula dakika mbili na nusu. Kaa na saa mkononi uigize mwenyewe chumbani, kila kitendo, bila kuharakisha. Ndivyo nilivyogundua kwamba kurasa 18 za rasimu yangu ya mwisho zilikuwa na filamu ndefu kuliko zile 31 za mwanzo, nikaanza kukata tena.

Uzi huo ndio ulioniletea mwisho. Mwanzoni filamu iliishia uwanja wa ndege, anaondoka tena, wanakumbatiana. Mhariri alikata safari nzima bila kuniambia, akanionyesha inaishia usiku wa Jumamosi. Wageni wameondoka, pazia limebakiza upindo wa shibiri moja. Zuhura anataka kulimalizia yeye. Anatunga uzi, haupiti. Analamba ncha, anajaribu tena, haupiti. Ana miwani kwenye mkoba, tumeiona mapema, lakini kuivaa hataki. Mdogo wake ananyoosha mkono, anachukua sindano, anatunga, anamrudishia, anaendelea kukunja yake. Nilipigania uwanja wa ndege siku tatu. Nilishindwa, na sasa najifanya lilikuwa wazo langu.

Yule mama aliyenipigia mstari kwenye skripti nilimwalika kuitazama kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikaa mpaka majina yakaisha kupita. Nikasubiri. Akauliza kwa nini mdogo mtu anakata uzi kwa mkasi. "Usiku, na mkasi uko mbali? Ang'ate kwa meno." Nimeshaandika pembeni ya skripti, ingawa filamu imeshatoka.